Asali Imefura, Mafuta Yameota Ukungu: Nimekosea Wapi?

SWALI

Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka mitano, mwingine miezi minane. Tunaishi na mama mkwe. Mwezi uliopita nilianza kutengeneza dawa za mitishamba mwenyewe hapa nyumbani, na zote tatu zimeniharibikia.

Ya kwanza ni ya kifua. Nilitwanga tangawizi mbichi gramu 100 na kitunguu saumu gramu 100, nikachanganya na asali gramu 400, nikakaza kifuniko cha chupa na kuiweka kabatini. Siku ya nne kifuniko kimevimba. Nilipokilegeza kikalia kama soda, povu likamwagika mezani. Nilionja, ina uchachu kidogo lakini haikunidhuru. Juzi usiku nilimlambisha mdogo ncha ya kijiko kwa sababu anakohoa.

Ya pili ni mafuta ya muwasho wa ngozi. Niliosha majani mabichi ya mwarobaini, nikajaza chupa, nikamimina mafuta ya nazi na kuyaweka dirishani juani wiki tatu. Sasa juu kuna ukungu wa kijivu, chini kuna maji yenye utelezi. Jirani anasema ningepasulia vidonge vya vitamini E ndani yasingeharibika.

Ya tatu ni mchemsho wa tangawizi na mchaichai wa mama mkwe. Nachemsha vyote pamoja dakika 40 bila kufunika, namjazia chupa ya chai. Anakunywa vikombe vitano kwa siku, na kinachobaki anamalizia kesho yake au keshokutwa. Una harufu ya majani yaliyolala. Wiki hii tangawizi mbichi iliisha, nikatia ya unga kijiko kwa kijiko, naye analalamika kiungulia. Yeye anameza dawa ya presha na warfarini.

Nitupe zote au kuna ya kuokoa? Na nifanyeje zisiharibike tena?

Mama Chupa Tatu

JIBU

Mama Chupa Tatu, salaam sana. Chupa zitasubiri, tuanze na mtoto.

Asali usimpe tena, wala kitu chochote kilichotiwa asali, mpaka atimize mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaoleta botulizimu. Utumbo wa mtu mzima huvipitisha tu. Wa mtoto wa chini ya miezi 12 haujajenga ulinzi huo, kwa hiyo vinaweza kuchipua humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha asali hakusaidii, maana vijimbegu hivyo vinahimili maji yanayotokota. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, usikose usingizi. Lakini mwangalie kwa mwezi mzima, kwani dalili huweza kuchukua siku 3 hadi 30 kujitokeza. Mara nyingi huanza na kukosa choo. Kisha ananyonya kwa ulegevu, kilio kinakuwa chembamba, kope zinalegea, shingo inashindwa kushika kichwa. Ukiona hata dalili mbili kati ya hizo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba alilamba asali na lini. Usione haya, taarifa hiyo ndiyo itakayomwelekeza daktari haraka.

Kikohozi chake mtibu kwa kumnyonyesha mara kwa mara, na matone machache ya maji ya chumvi ya puani, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kabla ya kunyonya. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi kwa umri wake, au mbavu zinabonyea anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, hapo mitishamba haina kazi, nenda hospitali.

Sasa chupa. Zote tatu tupa. Mbili za kwanza zimeharibiwa na kitu kimoja, nacho ni maji ambayo hukuyapigia hesabu; ya tatu ina makosa yake.

Anza na asali. Asali iliyoiva vizuri huwa na maji chini ya asilimia 20, na sukari yake imeyashika kiasi kwamba kijidudu hakipati pa kunywa. Ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini tangawizi mbichi ni maji karibu sehemu nne kwa tano, na kitunguu saumu ni zaidi ya nusu. Piga hesabu ya chupa yako: gramu 400 za asali zilileta maji kama gramu 70, tangawizi 80, kitunguu saumu 60. Jumla ni kama gramu 210 katika mchanganyiko wa gramu 600. Zaidi ya theluthi moja! Hapo hamira ya asili iliyomo ndani ya asali iliamka, ikala sukari na kutoa gesi. Mlio wa soda ulioupata ni huo. Umebahatika kwamba ulilegeza kifuniko. Chupa ya kioo iliyokazwa inaweza kupasuka kabatini.

Gesi yenyewe haina sumu, wala uchachu ule. Kinachonitia wasiwasi ni kitunguu saumu. Kinakulia udongoni, mahali vinapoishi vijimbegu vile nilivyovitaja kwa mtoto, na chenyewe hakina asidi ya kutosha kuvizuia. Vijimbegu hivi hupenda mahali pasipo hewa, penye maji, pasipo baridi na pasipo asidi. Kipimo cha asidi kikishuka chini ya pH 4.6 haviwezi kuchipua (namba ikishuka, asidi imezidi). Asali nyingi iko chini ya hapo, lakini ukishaizimua kwa maji ya kitunguu na tangawizi hujui tena umefika wapi, na ulimi haukuambii: sumu ya botulizimu haina ladha wala harufu. Kwa hiyo kuonja si kipimo, dada. Kwa kuwa ulionja, ujue dalili za mtu mzima: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza. Kwa kawaida huja ndani ya saa 12 hadi 36, ingawa wakati mwingine hata baada ya siku kadhaa. Zikitokea ni dharura.

Onyo hilohilo linakihusu kitunguu saumu ndani ya mafuta. Watu wengi huweka punje mbichi kwenye mafuta na kuziacha juu ya meza kwa wiki, bila kujua kwamba mafuta hufukuza hewa na hayana asidi hata kidogo. Ukitaka kitunguu saumu, katakata punje moja wakati wa kula, ule, uishie hapo.

Asali ya kifua isiyofura ni hii: asali gramu 100, ambayo ni kama vijiko vitano vya mezani, na tangawizi kavu ya unga kijiko kimoja cha chai, kama gramu 2. Koroga na kijiko kikavu. Maana ya kutumia unga ni kwamba huongezi maji. Chupa nayo iwe imechemshwa dakika 10, kisha ikafudikizwa juu ya kitambaa safi mpaka ikauke kabisa, pamoja na ule mfereji wa ndani ya kifuniko ambamo tone hupenda kujificha. Asali hiyo itakaa miezi mingi kabatini. Unga utapanda juu, koroga tu. Mtu mzima alambe kijiko kimoja cha chai mara mbili au tatu kwa siku, au akoroge kwenye maji ya uvuguvugu. Mkubwa wako wa miaka mitano mpe asali tupu, nusu kijiko cha chai nusu saa kabla ya kulala. Tangawizi itamwasha koo bure. Ukishikilia kutumia tangawizi mbichi, tengeneza kidogo, weka kwenye jokofu, na ikifika siku ya saba mwaga.

Mafuta ya mwarobaini yaliharibikia mahali palepale. Uliyaosha majani, ukayatia yakiwa bado yana maji juu na maji ndani. Maji ni mazito kuliko mafuta, yakazama chini yakawa ule utelezi. Majani yaliyoelea juu yakagusa hewa, yakaota ukungu. Na jua la dirishani liliongeza balaa: mchana chupa inapata joto na kutoa mvuke, usiku inapoa na mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, yanadondoka tena juu ya majani. Ukiitazama asubuhi utayaona yamejipanga kama jasho.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchina, yaani ile harufu kali ya mafuta ya zamani inayoletwa na hewa na mwanga. Ukungu na bakteria haiwagusi. Mafuta yenye maji yataoza hata ukitia vidonge ishirini.

Fanya hivi. Chuma majani, kung'uta vumbi, na kama ni lazima kuyaosha yaoshe kabla ya kuyaanika. Tandaza tabaka moja juu ya kitambaa au wavu, kivulini, penye upepo, uyageuze kila siku. Jua kali linayababua na kuondoa rangi kabla ya ndani hakujakauka. Kulingana na hewa ya hapo ulipo itachukua siku tatu hadi kumi. Usihesabu siku, sikiliza jani: likikauka linavunjika kwa mlio mkavu na kuwa vipande kiganjani, na kijiti chake kinakatika badala ya kupinda. Vijiti ndivyo vinavyodanganya watu, maana jani huwa limeshakauka na kijiti bado kina maji. Kama una shaka, fungia majani kwenye chupa kavu ya kioo usiku mmoja. Kioo kikiwa na ukungu wa mvuke asubuhi, rudisha kwenye kitambaa.

Pima majani makavu gramu 50 kwa mafuta mililita 500. Yavunjevunje, lakini usiyasage kuwa unga, utapata tope lisilochujika. Tia kwenye bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, bakuli likae juu ya sufuria yenye maji, moto mdogo kabisa, saa mbili hadi tatu. Maji ya chini yasitokote kwa nguvu, mvuke wake usije ukaingia ndani ya bakuli. Mafuta yawe ya moto wa kuvumilika, sio ya kukaanga. Ukinusa harufu ya majani yaliyoungua, umeshapoteza kazi. Ukiona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye majani, huo ni unyevu uliobaki unatoka, kwa hiyo usifunike. Vikikoma ndipo umemaliza.

Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kisha kiache kichuruzike chenyewe. Ukikamua sana unasukuma chembechembe na unyevu ndani ya mafuta. Yaache mafuta yatulie usiku kucha mahali yasipoganda, halafu yamimine taratibu kwenye chupa na uache kile kidole kimoja cha mwisho chenye machicha. Ni hasara ya vijiko viwili vitatu inayookoa chupa nzima.

Ukitaka yawe marhamu, yeyusha nta ya nyuki gramu 30 kwa kila mililita 250 za mafuta, kwenye bakuli lilelile juu ya maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 63, kwa hiyo vumilia. Kabla ya kumimina, dondosha tone kwenye sahani ya baridi, lisubiri ligande, libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu kama mshumaa ongeza mafuta kijiko kimoja. Likiwa jepesi ongeza nta gramu 5. Mafuta ya nazi huyeyuka kuanzia nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo palipo na joto panda hadi gramu 40 za nta. Yakiganda kwa punjepunje, yamepoa polepole mno: yeyusha tena, mimina kwenye vikopo vidogo, yapoe upesi. Hudumu miezi sita hadi mwaka mahali penye giza na ubaridi, kama hayachotwi kwa kidole chenye maji. Tumia kijiti.

Kabla ya kumpaka mtu, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Usipake kwenye kidonda kibichi. Na mwarobaini usifike mdomoni mwa mtoto: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwatia watoto wachanga sumu, wakatapika na kupata degedege. Wewe umetumia majani, ambayo si sawa na mbegu, lakini mdogo wako wa miezi minane hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo mafuta haya yasimhusu. Mjamzito naye asinywe mwarobaini kwa sura yoyote.

Chupa ya tatu ina makosa mawili yaliyolala pamoja. La kwanza ni kuchemsha kila kitu kwa namna moja. Mizizi na magome ni migumu, inahitaji kutokota. Majani laini na maua yenye harufu hayataki kuchemshwa, yanataka kulowekwa kwenye maji ya moto na kufunikwa. Harufu ya mchaichai ni mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Dakika 40 bila kifuniko zimetibu dari la jikoni, mama mkwe amebaki na maji ya majani.

Katakata tangawizi mbichi gramu 10 vipande vyembamba kama sarafu, bila kuitwanga. Tia kwenye maji mililita 500, funika, ikitokota punguza moto, dakika 15. Zima. Sasa ndipo utie mabua mawili ya mchaichai yaliyokatwakatwa, funika tena, subiri dakika 10. Unapofunua, inamisha kifuniko juu ya sufuria ili matone yaliyoshika ndani yarudi, kwa sababu humo ndimo harufu ilimo. Utapata vikombe viwili. Sufuria isiwe ya alumini ukitaka kutia limau. Asidi hula chuma hicho.

Kosa la pili ni chupa ya chai. Ikiwa mpya inahifadhi moto, lakini baada ya nusu siku inabaki na uvuguvugu, na kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria wanazaana raha mustarehe. Mchemsho ni wa siku hiyohiyo. Ukibaki, uweke kwenye jokofu mara unapopoa, usipite siku mbili, na upashwe moto mara moja tu. Chupa yenyewe isugue shingoni kwa brashi na uondoe kizibo ukiosha. Utelezi ukianza hapo, kila mchemsho mpya utachacha mapema.

Kuhusu unga: tangawizi ikikauka inapoteza zile sehemu nne za maji, hivyo gramu 10 mbichi ni kama gramu 2 kavu, kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Ulipobadilisha kijiko kwa kijiko ulimwongezea nguvu mara kadhaa. Kiungulia kimetoka hapo.

Jambo zito ni warfarini. Hii ni dawa ya kuzuia damu isigande, na kipimo chake huwekwa kwa uangalifu kwa kupima damu mara kwa mara. Tangawizi nyingi inaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu, na kitunguu saumu kwa wingi vivyo hivyo. Kwa hiyo vikombe vitano visitishe leo, lakini vidonge asiviache hata siku moja. Awaeleze wanaompima damu kwamba amekuwa akinywa tangawizi, kiasi gani na tangu lini, nao waamue kama apimwe damu mapema. Wakikubali anywe, iwe kiasi kilekile kila siku. Kupanda na kushuka ndiko kunakovuruga dawa. Mchaichai nao autaje, maana huenda ukashusha presha kidogo juu ya ile inayoshushwa na dawa yake. Mtazame fizi akipiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami. Akiona hayo, au akianguka na kugonga kichwa hata kama hajisikii vibaya, hospitali mara moja. Na kama ana miadi ya upasuaji au kung'olewa jino, aitaje mitishamba yote mapema. Kitunguu saumu cha kidawa kwa kawaida huachwa angalau wiki moja kabla.

Kwenye kila chupa utakayotengeneza bandika kikaratasi: jina la mmea, sehemu iliyotumika, mbichi au kavu, gramu, tarehe ya kutengeneza na tarehe ya kutupa. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika ukigusana na mafuta.

Chupa ya asali usiifungulie jikoni. Ipeleke nje, ifunike kwa taulo nene, geuza uso pembeni, legeza kifuniko robo mzunguko, usubiri mlio uishe ndipo ufungue. Mwaga mbali na watoto na wanyama, osha mikono kwa sabuni. Mafuta usiyamimine kwenye sinki, yataziba bomba. Yanyonyeshe kwenye karatasi kuukuu, funga kwenye mfuko, tia pamoja na taka.